Bunduki Iliyobaki Kaunta

Genoveva alijua mambo yameharibika alipomwona mumewe akitoka kituo cha polisi na ule mfuko wa turubai ameukunja kwapani kama gazeti. Mfuko ule ulishonwa kwa ajili ya kitu kimoja tu, na kitu hicho hakikunjiki.

Yeye alikuwa amekaa nje, kwenye kivuli cha ukuta, kikapu cha mayai kikiwa kitupu miguuni pake. Asubuhi ile walishuka mjini Babati pamoja, yeye kupeleka mayai kwa Shadya mwenye duka, mumewe kuhuisha leseni ya bunduki aliyorithi kwa baba yake. Kazi ya mumewe haikuwa kazi. Kila ilipofika zamu yake aliingia, akaonyesha bunduki na kitabu chake, akagongewa muhuri, akatoka amenyoosha mgongo, na njia nzima watu wakamwamkia.

Leo Sosthenes Tluway alitoka ameinama, akampita mkewe kama hakumwona.

"Baba Vailet! Iko wapi?"

"Wameizuia."

"Kwa nini?"

"Tupande bajaji kwanza. Usiniulize barabarani."

Walipanda bajaji ya kwenda Bonga, na dereva, ambaye alishawabeba mara nyingi, akageuza kichwa akacheka. "Mzee, leo chuma umekiacha wapi?" Sosthenes akatazama nje, upande wa mlima Kwaraha, akajifanya hakusikia. Genoveva akamjibu kwa niaba yake kwamba kimebaki kwa fundi. Ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka kirahisi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Waliposhuka, kwenye kijia cha kwenda nyumbani, mumewe ndipo alipofungua mdomo.

"Binti mdogo tu, nyota mbili begani. Kaniamkia vizuri, 'shikamoo mzee,' nikaitika. Akaniuliza kama tangu mara ya mwisho nimewahi kutiwa hatiani mahakamani. Nikasema hapana."

Genoveva akasimama. "Ukasema hapana?"

"Sasa mimi nilifungwa lini? Nililipa faini, hakimu akasema nendeni mkaishi vizuri. Yakaisha."

"Ile ndiyo kutiwa hatiani yenyewe, Baba Vailet."

"Ndivyo alivyosema na yeye. Tena kwa sauti! Rehani wa mashine ya kusaga yuko nyuma yangu kwenye foleni, anasikia. 'Mzee, hapa unaonekana una kosa la shambulio.' Shambulio! Mimi! Kama mtu aliyevamia basi." Akatema mate pembeni. "Akasema kosa lenyewe ni dogo, huenda lisingenizuia. Lakini ni la kumpiga mtu, na juu yake nimelificha. Eti bunduki ibaki kwao mpaka ajiridhishe."

"Ajiridhishe na nini?"

"Na mimi. Kwamba ni mtu wa namna gani. Anataka neno la mwenyekiti wa mtaa, na neno la yule niliyempiga. Halafu atakuja nyumbani aone tunavyoitunza." Akageuka kumtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu watoke mjini. "Miaka yote hii nalinda mifugo ya watu, leo naulizwa mimi ni mtu wa namna gani."

Genoveva alitaka kumwonea huruma, na alimwonea kweli. Ila chini ya huruma ile kulikuwa na kitu kingine alichokisukuma haraka, kama mtu anavyosukuma kuku anayetaka kuingia jikoni.

* * *

Alfajiri iliyofuata aliamka na kukuta amelala mfululizo. Alijilaza hapo hapo akisikiliza jogoo, akishangaa wepesi wa mwili wake. Kisha akakumbuka kuwa kasha la chuma lililopigiliwa ukutani, upande wa kichwani mwake, halina kitu. Akaona aibu. Mumewe amevuliwa heshima mbele ya watu, naye amelala kama mtoto aliyenyonya akashiba!

Kwa Sosthenes bunduki ile ilikuwa zaidi ya chuma. Hakuwa na mtoto wa kiume. Walijaliwa Vailet peke yake, naye ameolewa Arusha. Hakuwa na cheo kanisani wala mtaani. Lakini fisi walipoteremka kutoka mlimani na mbwa wakaanza kulia, watu hawakumwita mwenyekiti wala padri. Walimwita yeye. Alipiga moja hewani, fisi wakatawanyika, na kesho yake mtu alileta kibuyu cha maziwa. Hicho ndicho kilikuwa cheo chake.

Sasa habari ilikuwa imemtangulia. Rehani hakuwa mtu wa kukaa na neno tumboni. Jumapili, baada ya misa, wanaume waliokuwa wakimpisha Sosthenes kwenye benchi la nje hawakumpisha. Mmoja akamuuliza, kwa upole mbaya zaidi kuliko dharau, "Mzee, kwani ni kweli una kesi?" Genoveva alikuwa karibu, akaona shingo ya mumewe ikivimba. Lakini Sosthenes alisema tu, "Sina kesi. Nilikuwa nayo," akatafuta kofia yake, akaondoka.

Mwenyekiti wa mtaa alitoa neno lake bila taabu. Alisema Sosthenes ni mkazi mwema, na akaomba soda. Lililobaki lilikuwa neno la Baltazar, yule aliyepigwa.

"Nenda wewe kwanza," Sosthenes alimwambia mkewe. Alikuwa amekaa mlangoni akichonga mpini wa jembe ambao haukuhitaji kuchongwa. "Wewe na mkewe mnaongea. Mpime kwanza Baltazar. Mimi nikienda moja kwa moja atanifungia geti."

"Na akikataa?"

"Akikataa, basi. Lakini wewe ukisema naye hatakataa. Watu hawakukatalii, Mama Vailet."

Alikuwa akimsifu, na sifa hiyo ilimwingia Genoveva kama mwiba.

* * *

Baltazar alikuwa jirani wa mpaka. Shamba lake la mbaazi liligusana na shamba lao la alizeti, na mwaka uliopita, alizeti zikiwa karibu kuvunwa, mbuzi wake waliingia, wakavunja vichwa kama watu waliotumwa. Sosthenes alimwita mpakani. Walianza kwa kulalamika, wakaingia kwenye kulaumiana, wakafika kwenye kutukanana. Hapo ndipo Baltazar aliposema neno ambalo baadaye, mbele ya hakimu, hakuna aliyelirudia. "Kelele zote hizi za nini? Kwani unamlimia nani, wewe usiye na mtoto wa kiume?"

Kofi lililofuata lilimwangusha Baltazar kwenye mbaazi zake. Majirani waliliona. Baltazar alikwenda Mahakama ya Mwanzo, Sosthenes akakiri, akatozwa faini, wakapeana mikono nje ya mahakama huku kila mmoja akitazama upande wake. Hayo ndiyo yaliyojulikana.

Lililojulikana kwa watu wawili tu ni lililotokea katikati. Baada ya neno lile, kabla ya kofi, Sosthenes aliondoka pale mpakani. Majirani walidhani ameamua kuyaacha. Kumbe alikuja nyumbani, miguu haikanyagi chini, akapita sebuleni hadi chumbani, akashika mlango wa kasha na kuutikisa.

"Ufunguo," alimwambia mkewe.

Genoveva alikuwa na ufunguo. Alikuwa nao siku zote, umefungwa kwenye pindo la kanga, kwa sababu Sosthenes alikuwa mtu wa kupoteza funguo. Hakumuuliza anataka nini. Alimtazama usoni mara moja, ikatosha.

"Sijui nimeuweka wapi," alisema.

"Genoveva. Ufunguo."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu azae. "Nimesema sijui ulipo," akarudia, na mkono wake ukakaza pindo lile tumboni. Mumewe alimwona akikaza. Walisimama hivyo, wakitazamana. Kisha Sosthenes akageuka, akatoka mbio, akaenda kumpiga Baltazar kofi.

Hawakuwahi kulizungumza jambo lile. Wakati mwingine jambo hukaa katikati ya watu wawili mezani kama bakuli la chumvi. Kila mtu anajua lipo, na hakuna anayeomba apitishiwe.

* * *

Lukresia, mke wa Baltazar, alikuwa akipepeta maharage uani. Alimkaribisha Genoveva kwa furaha, akamletea kigoda, na kabla mgeni hajatoa shida yake, yeye akatoa ya kwake. Fisi walikuwa wameingia zizini wakachukua kondoo, tena yule mwenye mimba.

"Zamani tungemwita mzee wako," alisema. "Sasa tumwite nani?"

Baltazar akatokea nyuma ya nyumba akiwa na ndoo ya maji. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana naye. Genoveva alimweleza alichotumwa, neno kwa neno, bila kuongeza hata moja. Moyoni alikuwa akiomba: kataa. Kasirika. Niambie niondoke. Nitarudi nyumbani nimwambie nilijaribu.

Baltazar aliweka ndoo chini. "Mwambie aje mwenyewe."

Sosthenes alikwenda jioni ile ile, amevaa koti la kanisani. Genoveva alimfuata nyuma. Baltazar alikuwa akikata majani ya ng'ombe, hakuacha. Aliwaacha wamesimama getini, panga likipanda na kushuka, mpaka fungu lote likaisha. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nasikia una shida."

"Nina shida," alisema Sosthenes.

"Shida gani?"

"Unaijua."

"Nataka kuisikia kwako."

Genoveva aliona taya la mumewe likicheza. Akafikiri, sasa hivi atageuka aondoke. Lakini Sosthenes alivua kofia. "Naomba uniseme vizuri kwa polisi. Nilikupiga, nilikosa. Naomba."

Baltazar alimtazama. Kisha, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, akainamisha kichwa yeye. "Na mimi lile neno nililosema halikuwa neno la kumwambia mtu. Mke wangu alinisema mwaka mzima. Nitakusemea, mzee. Sikusemei kwa sababu ya fisi tu."

Njiani kurudi, Sosthenes alikuwa anapiga mluzi. Genoveva alitembea hatua moja nyuma yake, kanga imemkaza, akisikiliza mluzi ule kama mtu anayesikiliza mvua ikija na nguo ziko nje.

* * *

Inspekta, yule binti wa nyota mbili, alikuja kwa pikipiki, amevaa sare, kofia kaishika mkononi. Jina lake Anjela. Alikuwa na umri wa Vailet, na kama Vailet alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliwaamkia wote, akakubali chai ya maziwa, akasifu kitambaa cha mezani. Sosthenes alikaa kwenye kiti chake amejiweka sawa kama anayepigwa picha. Baltazar alikaa kwenye kochi, kofia yake magotini.

"Mzee, sikuja kukutafutia kosa," alisema Inspekta. "Watu wengi wana makosa madogo na wanaendelea na maisha yao. Kosa dogo peke yake si lazima likufungie mlango. Ila silaha si baiskeli. Mkubwa wangu wa wilaya ataniuliza swali moja tu. Mtu huyu akikasirika, tutalala? Ndilo ninalotaka kujibu." Akamgeukia Baltazar. "Wewe ndiye uliyepigwa."

"Ni mimi. Kofi moja. Na nilikuwa nimemtukana tusi baya, hilo uliandike."

"Unamwogopa?"

Baltazar alijisogeza mbele. Ilionekana alikuwa amejiandaa. "Afande, mimi nimelifikiria sana. Siku ile mtu huyu alikuwa amekasirika mpaka macho yamegeuka. Na nyumbani kwake, hatua chache tu, kuna bunduki. Alifanya nini? Alikuja na mkono mtupu. Mtu mwenye bunduki ndani, aliyetukanwa vile, akakupiga kwa kiganja, huyo ni mtu anayejizuia. Mimi simwogopi. Mpeni bunduki yake."

Inspekta aliitikia kwa kichwa taratibu, akaandika. Sosthenes alikuwa akitazama sakafu. Genoveva aliona sikio lake limekuwa jeusi kwa damu.

"Hilo ni neno zito," alisema Inspekta. "Nionyesheni inapotunzwa."

Waliingia chumbani wote wanne, wakabanana. Kasha lilikuwa imara, limefungwa ukutani kwa bolti. Inspekta alilisukuma, akaridhika. "Ufunguo?"

Sosthenes alipeleka mkono mfukoni. Ulikuwa ni mkono wa mtu anayejua hamna kitu. Kisha akamtazama mkewe, na Genoveva akafungua pindo la kanga, akautoa.

"Mama, kwa nini unao wewe? Ufunguo wa silaha hukaa na mwenye leseni."

"Yeye hupoteza funguo," alisema Genoveva.

"Ni hilo tu?"

Swali lilikuwa jepesi. Inspekta alikwishaanza kugeuka kwenda sebuleni. Baltazar alikuwa mlangoni, uso wake umetulia, uso wa mtu aliyefanya jambo jema. Ingetosha kusema ndiyo. Wangemaliza chai, bunduki ingerudi kwenye kasha, na ufunguo safari hii ungekaa mfukoni kwa Sosthenes, kwa amri.

"Si hilo tu," alisema Genoveva.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote walisimama. Hakumtazama mumewe. Alimtazama binti yule mwenye nyota, kwa sababu kwake ilikuwa rahisi zaidi.

"Siku ile, kabla ya kofi, alikuja humu ndani. Aliniomba ufunguo. Nilikuwa nao hapa, nikamwambia sijui ulipo. Ndiyo maana alikwenda na mkono mtupu." Akakunja pindo la kanga. "Yeye si mtu mbaya, mwanangu. Tumeishi miaka mingi hajanigusa hata kwa kidole. Lakini umeuliza kama tutalala. Mimi sijalala vizuri tangu siku ile, mpaka mlipoizuia."

 Nje kuku alikuwa akitangaza yai. Baltazar alitafuta ukuta kwa mkono, akauegemea.

"Mzee?" alisema Inspekta.

Sosthenes alipita katikati yao, akatoka. Walisikia hatua zake sebuleni, kisha uani, kisha hawakusikia kitu. Inspekta alifunga kalamu, akasubiri, hakumharakisha mtu. Genoveva aliketi kitandani. Alifikiri, nimeivunja nyumba yangu kwa mkono wangu.

Mumewe aliporudi alisimama mlangoni, mikono ikining'inia.

"Andika," alisema. "Ni kama alivyosema."

"Unaelewa maana yake, mzee?"

"Naelewa. Ile bunduki kaeni nayo. Mfanye utaratibu wa kuisalimisha, nitakuja kuweka sahihi." Kisha akamgeukia Baltazar.

Baltazar hakumsubiri. Aliweka kofia kichwani, akampita Genoveva, akasimama, akarudi nyuma hatua moja. "Mama Vailet," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "watoto wangu wana baba." Akaenda zake.

* * *

Siku zilizofuata Sosthenes hakugombana wala hakununa. Alinyamaza tu. Alikula alichopewa, akasema ahsante, akaenda shamba. Genoveva alipiga simu Arusha, akamweleza Vailet kila kitu, akalia. Vailet alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, ningekuwepo ningekubusu mikono." Ilisaidia, lakini mkono wa mtoto aliye mbali hauinui sufuria jikoni.

Siku ya kwenda kuweka sahihi, Sosthenes alimwambia waende pamoja. Safari hii waliitwa ndani mapema, Inspekta akawapa viti, na shughuli ikaisha upesi kuliko kunyoa ndevu. Walipotoka, badala ya kwenda stendi ya bajaji, mumewe alielekea kibanda cha chai kilichotazamana na soko, akaagiza chai mbili na chapati. Hawakuwa na desturi hiyo.

"Nikuambie kitu," alisema akiwa anatazama chai yake. "Siku ile waliponizuilia pale kaunta, yule binti alipoichukua bunduki akaiweka nyuma yake, unajua nilijisikiaje?"

"Aibu."

"Aibu ilikuja baadaye, nilipomwona Rehani. Kwanza nilisikia miguu myepesi. Kama mtu aliyetuliwa gunia." Akacheka kidogo, bila kutoa sauti. "Nikajiuliza, wewe Sosthenes una wazimu? Mwanaume ananyang'anywa bunduki ya baba yake, anajisikia vizuri? Nikakasirika ili nisijisikie vizuri. Nikakukasirisha na wewe, nikakutuma kwa Baltazar. Tangu siku ile ya alizeti, Mama Vailet, kila fisi akilia nilikuwa naomba wasiniite. Nilikuwa nikiigusa bunduki naiona sura ya Baltazar. Kama ungenipa ule ufunguo..."

"Sikukupa."

"Hukunipa." Akasukuma sahani ya chapati upande wake. "Na pale chumbani nilikuwa najua utasema. Ningetaka kukuzuia ningekutuma sokoni siku ile. Nilikaa pale namsikiliza Baltazar akinisifu, natamani ardhi inimeze, nasema moyoni, mwanamke huyu akinyamaza nitakufa na hili."

Genoveva alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa lawama, kwa kimya cha miaka, hata kwa kurudishwa kwao Mbulu. Kwa hili hakujiandaa. Kicheko kilimpanda kikachanganyika na machozi, akajifunika uso kwa kanga mbele ya watu wa sokoni.

"Kwa hiyo wote wawili," alisema alipoweza, "tulifurahi, tukafichana?"

"Wote wawili."

"Wazee wazima!"

"Kula chapati, inapoa," alisema mumewe, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa kijana.

* * *

Baltazar hakuonekana kwa muda. Genoveva hakumlaumu. Mtu akiambiwa alipita karibu na kaburi lake, anahitaji siku za kulitazama. Lukresia alisema amekuwa akiamka mapema na kukaa uani, akiwahesabu watoto wake kama mtu anayehesabu ndama.

Kisha Jumamosi moja asubuhi alitokea na mkokoteni wa ng'ombe, umejaa nguzo za mgunga na matawi ya miiba. Aliusimamisha pale pale mpakani, kati ya alizeti na mbaazi, akaita kwa nguvu zote za ile sauti yake.

"Mzee Tluway! Fisi hawajui kama umesalimisha bunduki! Nimefikiri tujenge zizi moja kubwa, la kwako na la kwangu, ukuta wa miiba juu kuliko mtu. Mbwa wako, mbwa wangu. Unasemaje?"

Sosthenes alitoka na jembe mkononi, akasimama. Hatua kadhaa zilikuwa kati yao, na hakuna aliyezivuka kwanza. "Bado unaniogopa?" aliuliza.

Baltazar alilifikiria kweli. "Kidogo. Nitakuwa nafanya kazi upande ule. Wewe kaa upande huu."

"Haki yako," alisema Sosthenes, akaanza kuchimba.

Walichimba asubuhi nzima. Genoveva na Lukresia walikaa jikoni na sufuria kubwa ya makande, mlango wazi, wakisikia sururu zikigonga mawe. Jua lilipokaribia utosini, sauti zikaanza kupanda. Ilikuwa juu ya nguzo ya kona. Sosthenes alisema imeingia kwenye shamba lake. Baltazar alisema kama angekuwa na macho angeona imeingia kwake. Sosthenes alisema yeye macho anayo, ila wengine hupima ardhi kwa tumbo. Sauti zikapanda zaidi, mpaka mbwa wakanyanyuka.

Lukresia alishtuka, akaweka mwiko chini. "Twende?"

Genoveva alisikiliza. Ilikuwa ni sauti ya mumewe akiwa amekasirika kabisa, mtu wa mikono miwili mitupu, akibishana juu ya shimo.

"Acha wagombane," alisema, akafunika sufuria. "Nipitishie hicho kitunguu."